Sauti Ile ni Yangu

Geita,
12 Februari 2024

Dada yangu Mama Loveness,

Shikamoo. Najua ukiiona bahasha hii utashika kifua, utasema kuna msiba, mbona mtu kaandika barua na simu zipo. Hakuna msiba. Sisi wote wazima. Mariana anakusalimu, ana kikohozi cha vumbi la barabara ya mgodini lakini anaingia darasani kufundisha kama kawaida. Watoto wanaendelea na shule, na michembe ya viazi uliyowatumia waliimaliza ndani ya wiki moja. Paa la nyumba ya mchungaji linavuja upande wa jikoni. Wazee wa kanisa wamekuja kulitazama mara tatu, na bado linavuja.

Naandika kwa kuwa simu kubwa nimeizima, nimeifungia kabatini. Nimebaki na kitochi cha kupigiwa tu, na namba yake wanayo watu watano, kwa ajili ya wagonjwa na misiba. Barua hii anakuletea Boaz, kondakta wa basi la kutoka hapa kwenda Shinyanga, muumini wangu. Ataiacha hapo Didia kwenye duka la pembejeo. Ukijibu, iache hapo hapo, ataichukua akirudi.

Sasa nikwambie kilichonikuta. Ile sauti niliyokutumia kwa wasapu mwezi wa kwanza, siku ile nilipokuwa nimechoka, imesambaa. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nikasikia mtu anaongea kwenye simu ya jirani yangu. Nikasema moyoni, huyu mtu nimemsikia wapi? Kumbe ni mimi. Kinyozi akazima mashine, wakanitazama wote, na mimi sikuweza hata kuondoka kwa sababu ya ile nusu iliyobaki.

Nakukumbusha nilichosema, maana sasa kila mtu anakinukuu na kukitia chumvi. Nilisema tangu duara, lile shimo la dhahabu, lilipowafukia wale vijana watatu mwaka jana kule machimboni, nami nikawazika kwa mikono yangu, nikifumba macho kuomba sipati neno. Jumapili naomba kwa mdomo kwa sababu ndiyo kazi. Nilisema mahali pekee ambapo bado nahisi Mungu yuko karibu ni asubuhi, kwenye benchi la Lusia muuza kahawa nje ya geti la kanisa, nikikaa na wachimbaji waliotoka zamu. Basi. Dakika nne na nusu.

Sauti ile niliituma kwa mtu mmoja tu duniani. Siulizi kitu, na wewe hilo usinijibu.

Baraza la wazee limeshanihoji mara moja. Mzee mmoja akauliza, mchungaji anatafuta nini kijiweni na wacheza kamari? Nikamwambia anatafuta kahawa. Akasema kahawa ni ya watu wa msikitini. Nikamuuliza, chai je, ni ya nani, maana mimi sijaikuta kwenye Biblia! Alikasirika mpaka miwani ikamdondoka.

Ungekuja siku moja ujionee, dada. Kikombe cha Lusia ni kidogo na kinaunguza, huwezi kukigugumia. Mkono wa pili umeshika kashata, kwa hiyo huwezi kushika simu. Sijui mahali pengine hapa Geita ambapo watu saba wanakaa dakika kumi bila hata mmoja kupangusa kioo. Wanaongea. Huyu mke kamkimbia, yule wiki nzima wametoa mawe matupu. Hakuna anayekuuliza wewe ni dhehebu gani. Mimi pale sihubiri. Nasikiliza, kifua kinalegea, na kwa sasa hiyo ndiyo sala niliyonayo.

Wanataka niache kwenda. Siachi. Waandike, wafute, waandike tena, kesho asubuhi nipo kwenye benchi.

Wasalimie majirani wa nzengo yote, hasa waliolima na mama.

Mdogo wako,
Ezekiel


Didia,
27 Februari 2024

Mdogo wangu Ezekiel,

Marahaba. Barua yako nimeipata siku nne baada ya Boaz kuileta, kwa sababu mwenye duka aliiweka chini ya mizani akaisahau. Mwanaume wa miaka arobaini na sita unaniandikia barua! Nilikupigia mara kumi na moja naambiwa hupatikani, nikajua umekufa. Halafu nasoma kwamba namba ya kitochi wanayo watu watano, na mimi simo. Haya. Nimeelewa.

Huku mvua ilianza vizuri ikakatika katikati. Mahindi yamejikunja, mtama umesimama. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Loveness amepata kazi ya kushona pale Tinde, anarudi kila Jumamosi na habari za mjini. Nzengo walikuja kunilimia siku moja, nikawapikia ugali na maharage, wakala wakasifia, wakaondoka na sufuria langu moja ambalo mpaka leo sijaliona. Kanisani tumeletewa projekta. Nyimbo zinaonekana ukutani, herufi kubwa, hata miwani sihitaji. Wewe mpenda maendeleo ungefurahi.

Kuhusu ile sauti. Simu za siku hizi zina mambo yake, Ezekiel. Unagusa hapa, kitu kinakwenda kule. Na Loveness akija huwa anaichezea simu yangu, unawajua watoto wa sasa. Sisemi ni yeye. Nasema tu.

Ila kilichokuponza ni kahawa. Mama alitulea kwa uji na chai ya maziwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekosa neno la kuomba. Ukisoma sana ukakaa na watu wa machimbo, mwishowe unatafuta Mungu kwenye birika! Na huyo Lusia ni nani? Ana mume? Nauliza kwa sababu na mimi naulizwa. Wanawake wa Umoja wa kanisani wananisimamisha njiani, wananipa pole kama niliyefiwa, na macho yao yanataka habari.

Nijibu hili kwanza kabla ya yote: hao wazee wamesema ni nani aliyeisambaza? Wanafuatilia?

Msalimie Mariana. Mwambie anywe maji ya tangawizi.

Dada yako,
Hosiana


Geita,
11 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Mariana amepona, amekushukuru. Mtoto wa pili ameshika namba ya tatu darasani, anajidai nyumba haikaliki.

Namba ya kitochi sijakunyima kwa chuki. Nimetaka mimi na wewe tusemezane kwa karatasi kwanza. Karatasi haiendi kwa kinyozi.

Lusia ni mjane wa miaka hamsini na nane, meno matatu ya mbele hana, analea wajukuu wanne. Wapelekee wanawake wako habari hiyo wakaitafune. Maneno hayo yalimfikia hata Mariana. Unajua alifanya nini? Kesho yake alibeba kigoda chake kutoka jikoni, akaketi katikati yangu na birika, akanywa vikombe vitatu bila kupumzika. Moyo ulimwenda mbio mpaka saa nane mchana. Sasa anakuja kila Alhamisi, na Lusia anamwekea kashata mbili.

Hongereni kwa projekta. Ya kwetu ina mwaka. Jumapili iliyopita umeme ulikatika tukiwa ubeti wa kwanza, na kanisa lote likanyamaza. Watu mia mbili, dada, na hakuna anayeujua ubeti wa pili wa wimbo aliouimba tangu ubatizo! Bibi mmoja tu, ambaye hata huo ukuta hauoni, aliendelea mpaka mwisho, nasi tukimsikiliza. Siichukii projekta. Simu pia siichukii, imenifikisha kwa wagonjwa wengi kabla hawajakata roho. Ninachosema ni kwamba tumeipa mashine kazi ya kukumbuka, na hatujauliza ni kazi gani nyingine tunaipa.

Sasa sikia hii. Mwangalizi Nkwabi, mkubwa wa makanisa yetu wilaya nzima, aliniita ofisini. Nilikwenda nimekaza shingo kwa ajili ya ugomvi. Akanipokea kwa upole, akanipa soda. Akasema, mchungaji, jambo lako ni jepesi. Akamwita katibu wake, Rosemary, aje na kompyuta. Rosemary akachukua sauti yangu kutoka mahubiri tunayorusha mubashara, akaandika maneno, akabonyeza.

Dada, nilijisikia naomba. Naomba vizuri! Sikohoi, sikwami, nawataja wajane, yatima na serikali kwa mpangilio. Mpaka Mwangalizi akasema amina, kisha akaona aibu.

Akaniambia, unaona? Siku hizi sauti ya mtu yeyote inatengenezwa. Ukisimama ukasema ile sauti ya wasapu ilitengenezwa na maadui wa kanisa, kila mtu ataamini, na mambo yamekwisha. Wameshaniandikia tamko, mistari sita. Natakiwa kulisoma Jumapili ya tarehe 7 Aprili, wiki moja baada ya Pasaka. Nikilisoma, nabaki na kanisa langu. Nisipolisoma, kanisa sina, na nyumba unajua ni ya kanisa.

Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Nilipofika nikaogopa, kwa sababu ni rahisi mno. Mistari sita tu. Lakini nitasimamaje mbele ya watu wale wale ambao wiki moja kabla nitakuwa nimewahubiria habari ya Petro anaota moto uani, anasema simjui mtu huyu? Mimi niseme sijijui mwenyewe? Hapana. Wanaitaka ile mashine mimbarani, waipe na kola.

Umeuliza kama wanafuatilia aliyesambaza. Wananiuliza nilimtumia nani. Nimewaambia hiyo si kazi yao. Na Loveness mwache. Simu yako huwa unaifunga kwenye pindo la khanga, unalala nayo. Sijasema kitu.

Ezekiel


Didia,
20 Machi 2024

Ezekiel,

Marahaba. Leo sina habari ya mvua wala ng'ombe.

Soma hilo tamko.

Mistari sita! Umesoma mambo marefu kuliko hayo kwenye harusi za watu usiowajua. Mashine haina roho, haitaumia ukiisingizia. Nani atadhurika? Mwangalizi wa watu amekuonyesha mlango, amekupa na soda, wewe unataka kupitia ukutani.

Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama alipolala kitandani miezi minane. Niliacha shule darasa la sita wewe usome. Sijawahi kukukumbusha, lakini leo nakukumbusha. Mariana na watoto utawapeleka wapi? Utawalaza kwenye benchi la Lusia? Miaka kumi na tisa ya uchungaji unaitupa kwa ajili ya maneno uliyoyasema siku moja ukiwa umechoka!

Na Petro usimlete hapa. Petro alikana mara tatu na bado akapewa kondoo awachunge. Wewe utakana mara moja tu.

Sema ni mashine. Nakuambia kama mama yako. Usiponisikia, usiniandikie tena.

Hosiana


Didia,
2 Aprili 2024

Ezekiel mdogo wangu,

Hujaniandikia. Nilikukataza mwenyewe, kwa hiyo silalamiki.

Pasaka imepita. Loveness alichinja kuku, mimi sikuweza kula. Kanisani walihubiri Petro. Nilitamani ardhi ipasuke.

Loveness hajawahi kuigusa simu yangu. Ni mimi.

Nakueleza ilivyokuwa, siyo ili unionee huruma. Sisi wanawake wa Umoja tuna mnyororo wa maombi. Mwenye mzigo anautuma kwa wenzake wawili, kila mmoja kwa wawili wengine, na kesho yake saa kumi alasiri wote tunaomba, kila mtu alipo, hata kama yuko shambani anashika jembe anasimama. Ndivyo tulivyomwombea mtoto wa Anisia mpaka akapona. Ulipotuma ile sauti niliisikiliza mara tano. Sikujua nikujibu nini. Basi nikaituma kwa wawili, nikaandika, tumwombee mtumishi huyu. Jina sikuweka. Niliona nimekuficha kabisa! Nilisahau kwamba umehubiri kwenye makongamano yetu miaka yote hiyo, kila mwanamke anaijua sauti yako. Saa kumi ya kuomba ilikuwa bado haijafika, sauti imeshafika Geita.

Nilitaka useme ni mashine kwa sababu ukisema ni mashine, na mimi ninakuwa sikufanya kitu. Ndiyo ukweli, unanitia aibu kuuandika.

Lile tamko sikulazimishi tena. Lakini wakikuuliza ulimtumia nani, nitaje. Sema ni dada yangu Hosiana wa Didia, Mama Loveness, aje aulizwe. Barua hii naipeleka kwa Boaz leo hii mwenyewe, nimsubiri barabarani, ikufikie kabla ya Jumapili.

Hosiana


Geita,
8 Aprili 2024

Dada Hosiana, shikamoo.

Ulisema nisikuandikie nisipokusikia. Sijakusikia, na nakuandikia. Boaz anaumwa malaria, hajaonekana wiki nzima, kwa hiyo barua hii nampa mwenzake. Kutoka kwako sijapata neno tangu ile ya mwezi uliopita.

Jana ilikuwa siku yenyewe. Kanisa lilijaa hadi nje, watu waliokuwa hawajaingia ibadani tangu Krismasi walikuja mapema kuwahi viti. Mwangalizi Nkwabi alikaa mbele. Wachimbaji wa kijiweni walikuja saba na mabuti yao ya matope, wanne wakakaa nyuma. Watatu, ambao ni Waislamu, walisimama nje dirishani na vikombe mkononi, na Lusia yuko nyuma yao anahesabu vikombe vyake.

Nilikuwa nimelishika lile tamko. Nililikunja nikalitia mfukoni. Nikasema, sauti mliyoisikia ni yangu, hakuna mashine iliyoitengeneza. Nikasema, tangu tulipowazika wale watatu sipati neno la kuomba, na hata leo sijalipata. Mama wa mmoja wao yuko hapa ndani, na kila Jumapili namwona, na sijui nimwambie Mungu nini juu yake. Anayetaka mchungaji anayeomba bila kukwama, yuko kwenye kompyuta ya Rosemary, mkamchukue.

Wengine walicheka. Wengine walisimama kwa hasira. Fundi wa mitambo aliambiwa akate matangazo ya mubashara, akakata, lakini watu walikuwa wameshatoa simu zao hamsini, kwa hiyo nadhani umeshaiona kabla ya barua hii.

Mzee wa kanisa akasimama akauliza mbele ya wote, sauti ile ulimtumia nani? Nikasema, mtu ninayempenda. Akasema, jina. Nikasema, jina sina la kuwapa. Akauliza mara ya pili na mara ya tatu, na mimi nikajibu hivyo hivyo.

Wamenivua uchungaji. Barua niliipata jioni ile ile, nadhani ilikuwa imeshaandikwa. Tuna siku thelathini za kutoka kwenye nyumba. Mariana amepata vyumba viwili nyuma ya karasha la kusagia mawe, kelele mpaka meno yanatikisika, lakini paa halivuji. Hajalia. Amesema tu kwamba kola zangu tatu atazishonea watoto mifuko ya madaftari, na akacheka peke yake.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye benchi kama kawaida. Mchimbaji mmoja, mkewe yuko wodi ya wazazi, akaniambia, mchungaji, omba. Nikamwambia nimeshavuliwa. Akasema hajauliza hilo. Nikafumba macho, nikaanza, nikakwama. Walinisubiri, dada. Kahawa ikapoa mikononi mwao na hakuna aliyenikatisha. Nilisema maneno kama manane hivi, yalitoka moja moja, na nilikuwa nalia. Hayo maneno nilikuwa nayaamini yote.

Sijutii. Nasema hivyo nikiwa na hofu ya kesho, lakini sijutii.

Ezekiel


Geita,
22 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Boaz amepona, amerudi kazini leo. Barua yako ya tarehe 2 ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake wakati wote alipokuwa amelala. Nimeisoma nimesimama stendi.

Nilijua ni wewe tangu kwa kinyozi. Niliituma kwako peke yako, ningekosaje kujua? Kunisambaza nilikusamehe siku hiyo hiyo. Nilisema ni dada, amehangaika, amefanya anavyojua.

Lakini sasa nimekasirika, na sikufichi. Ulitaka niikane sauti yangu mbele ya mama wa kijana mmoja aliyefukiwa ili wewe upate usingizi. Ulinikumbusha mgongo wako na darasa la sita. Hayo ni kweli yote, nayaheshimu, na ndiyo maana yaliniuma zaidi. Wiki mbili nilijua ninapoteza nyumba na dada kwa pamoja.

Unasema uliisikiliza mara tano hukujua unijibu nini. Mara tano, dada! Mtu hasikilizi mara tano kitu anachotaka tu kukiombea. Ulikuwa unasikiliza nini? Ukiwa na jibu la kweli, niandikie. Kama ni habari za mtama, acha mpaka mavuno.

Mariana anakusalimu. Yeye hajakasirika, amesema nikwambie hivyo.

Ezekiel


Didia,
13 Mei 2024

Ezekiel,

Marahaba, mdogo wangu. Wazima wote, na mtama siutaji.

Umeniuliza nilikuwa nasikiliza nini. Nimekaa na swali lako wiki tatu, nikawa naligeuza tu.

Nilikuwa najisikiliza mimi. Tangu tumzike baba Loveness, miaka sita, napiga magoti kwa mazoea. Naongoza maombi ya Umoja, natoa machozi, wanawake wanasema Mama Loveness ana mzigo wa maombi, na ndani hakuna kitu, Ezekiel, pakavu kabisa. Sijawahi kumwambia mtu. Nikasikia mdogo wangu, mchungaji, mtu niliyembeba, anayasema kwa mdomo wake. Nilituma kwenye mnyororo nikisema tumwombee mtumishi. Uongo. Nilitaka nione kama kuna mwanamke mwingine atajibu akisema, hata mimi.

Na walijibu. Hilo ndilo nililokuficha kuliko yote. Jioni ile wakati kwenye grupu la Umoja wanakulaani, wengine walikuwa wananiandikia pembeni, mmoja mmoja, kwa siri. Kumi na mmoja. Hata mimi, Mama Loveness. Hata mimi tangu mwanangu afe. Hata mimi sijui tangu lini. Mmoja wao ukimjua utakaa chini, lakini majina yao hayatoki kwangu, si kwa simu wala kwa karatasi. Nikafuta yote. Kisha nikakaa nikakuandikia wewe kuhusu projekta.

Jana Jumapili mwenyekiti wa kanisa alisimama kwenye matangazo, akasoma waraka kutoka kwa waangalizi. Unasema ile sauti ni ya mtu aliyepoteza imani, ifutwe kwenye simu zote, na aliyeanza kuisambaza ajitokeze ofisini kwa siri, asamehewe.

Kwa siri! Nilisikia miguu inanisimamisha kabla sijaamua.

Nikasema, ni mimi. Nilimsambaza mdogo wangu, halafu nikamtaka aseme uongo ili mimi nijifiche, akakataa, akavuliwa, na mbele ya kanisa zima hakunitaja. Nikasema, mnamwita amepoteza imani. Basi na mimi niandikeni hapo hapo kwenye huo waraka, kwa sababu miaka sita sijaomba sala moja iliyotoka moyoni, na ninyi mmenifanya kiongozi wa maombi.

Nikasikia mpaka mtoto ananyonya.

Mwenyekiti akasema, Mama Loveness, kaa chini. Sikukaa. Akasema tena, kwa ukali, mama, nimesema kaa chini. Nikamwambia, baba, nimekaa miaka sita.

Benchi la nyuma mwanamke akasimama. Alisimama tu na mtoto wake mgongoni. Kisha mwingine upande wa dirishani. Kisha wawili kwa pamoja, wameshikana mikono. Nilikuwa nawahesabu. Walisimama saba. Wanne hawakuweza, na siwadai kitu. Kisha mzee mmoja wa kiume, ambaye hakuwa kwenye hesabu yangu kabisa, akajishika kwenye fimbo, akainuka naye.

Mwenyekiti alitutazama mmoja mmoja. Akaushusha ule waraka. Akaukunja, akavua miwani, akakaa chini yeye.

Dada yako,
Hosiana